Mlango Unaopima Watu

Mungu akikujalia mdomo kama wangu, angalau akupe na kazi ya sokoni. Mimi alinipa mdomo, kisha akanishusha shimoni.

Kazini kwetu ni ndani ya kilima. Zamani watu walichimba mawe ya kujengea humo, wakachimba mpaka mawe mazuri yakaisha, wakaondoka wakaacha mapango makubwa kama kumbi za harusi. Baadaye wakaja wenye kompyuta, wakasema: humu kuna ubaridi, humu hamvuji, humu mwizi hana dirisha la kuchungulia. Wakapanga makabati ya seva safu kwa safu, na vitaa vya kijani vinakonyezana usiku na mchana kama wambea. Kila ujumbe wa mji huu, kila picha ya mtoto aliyeota jino, kila "nimefika salama" na kila "basi tuachane," unapita kwenye nyaya ninazozishika kwa mikono yangu hii. Halafu mimi mwenyewe, nikishuka huko, simu yangu inageuka kioo cha kujitazamia meno. Jiwe la kilima halipitishi mtandao hata wa kuombea radhi. Ndiyo yale ya mpishi kulala njaa.

Joto la seva halitupwi. Linapulizwa kwa bomba hadi pango la pili, ambako Mama Uyoga analimia uyoga wake gizani. Kati yetu na yeye kuna ukuta na kidirisha cha wavu, matundu yake hayapitishi hata kidole, lakini maneno yanapita bila shida. Bila kidirisha kile ningekuwa nimeshapasuka. Mama Uyoga ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba kaka yangu anakuja, kabla hata ya mama mzazi.

Sasa nieleze kuhusu mlango, maana bila mlango hakuna kisa.

Kutoka shimoni lazima upite kwenye chumba kidogo cha vioo, mlango huku na mlango kule. Sisi tunakiita kizimba. Ukiingia asubuhi, sakafu ya kizimba inakupima uzito. Ukitoka jioni inakupima tena. Ukiwa umepungua, nenda zako. Umefanya kazi, umechoka, nani atashangaa. Ukiwa umezidi, milango yote miwili inajifunga na taa nyekundu inawaka, kwa sababu kwa akili ya wenye mali, binadamu aliyeongezeka uzito shimoni amemeza seva. Hapo hakuna wa kukufungulia ila Meneja mwenyewe, kwa mkono wake na kadi yake.

Kutoa kitu chako halali kunahitaji kibali, na kibali cha Meneja kinachukua muda kuliko mimba. Kwa hiyo wafanyakazi tumebuni njia yetu. Ukitaka kutoka na kitu jioni, asubuhi unaingia na mchanga wa uzito ule ule kwenye mfuko, unaumwaga kwenye ndoo za kuzimia moto, unatoka na kitu chako, mizani inasoma sawa, mlango unafunguka, kwaheri. Ndoo zetu zimejaa mchanga mpaka unamwagika. Mkaguzi wa zimamoto anatusifu kila anapokuja. Anasema hajaona kampuni inayoogopa moto kama yetu.

Anayekaa nje ya kizimba, kwenye meza yenye simu ya waya, ni mlinzi tunayemwita Komeo. Ni mtu mzima, anakaribia kustaafu, na maneno anayasema kama anayanunua dukani. "Panda." "Simama." "Pita." Nimepita mbele yake miaka, nikamsalimia, nikamuulizia wajukuu, nikamsimulia harusi mbili na talaka moja. Yeye: "Pita." Watu wa namna ile wananiletea kichefuchefu.

Siku ile nilikuwa na mchanga wangu tayari, nimeupima nyumbani kwa mizani ya jirani muuza vitunguu. Kitu cha kutoa kilikuwa redio ya marehemu baba.

Baba alipofariki, kaka yangu alikuja msibani na lori lake. Ni dereva wa masafa marefu, na ni mtu wa utaratibu. Hata kamba za turubai anazikunja zikalingana. Baada ya watu kutawanyika, mama alikwenda kwa jirani kupumzika kidogo. Kaka akaona huruma. Akasema mama asiwe anaingia chumbani anaviona vile vitu kila siku analia. Basi asubuhi moja tu akamaliza chumba kizima: nguo kagawa, godoro kachoma, viatu kavipeleka msikitini, redio kampa kinyozi. Akafagia. Akapiga deki. Mama aliporudi akakuta chumba kinang'aa kama cha hoteli, hakina hata harufu ya mtu. Akasema, "Nani alikutuma kupanga vitu vya mwenzio? Baba yako amezikwa mara mbili, na mara ya pili umemzika wewe."

Tangu hapo hawakusemeshana. Kaka alikuwa akituma salamu kupitia kwangu, mama akawa anazipokea kama mtu anayepokea barua ya mahakama.

Redio niliipata kwa sababu mambo ya watu hunijia bila kuitwa. Mke wa kinyozi alimwambia fundi cherehani, na fundi cherehani akaniambia mimi, kwamba kuna redio ya marehemu inakusanya nywele kwenye rafu. Niliifuata. Ilikuwa imekufa. Nikaishusha shimoni kwa Fundi Baridi, yule anayetunza mitambo ya ubaridi, maana kifaa kikimshinda yeye, kizikwe. Akaichezea kwa majuma, mpaka ikapona. Tatizo ni kwamba kuiingiza kulikuwa rahisi. Kuitoa ndiko kulikohitaji mchanga.

Na siku haikuwa ya kuchaguliwa. Lori la kaka lilikuwa linapita mjini kwetu, linapakia mzigo, linaondoka saa kumi na moja jioni kwenda mbali, na Mungu ndiye anayejua lini litapita tena. Nilimbembeleza mama wiki nzima. Mwishowe akasema, "Aje. Lakini uwepo. Usipokuwepo, simfungulii. Tukibaki mimi na yeye tu, nitasema neno ambalo halirudi." Mama yangu hatishii, anatoa taarifa. Nikaomba ruhusa ya kutoka saa nane, nikapewa. Shangazi na binamu zangu niliwaambia wasikanyage kwetu siku hiyo, na mimi kufukuza wageni ni sawa na kung'olewa jino.

Adhuhuri, nusu ya mji ikakatika mtandao.

"Fundi mtandao!" Sauti ya Meneja ikanguruma kwenye vipaza sauti vya pangoni. "Mji mzima unalalamika! Wateja wamenishika shati!"

"Naangalia, bosi."

"Usiangalie. Rekebisha!"

Nikabadilisha swichi inayogawa mtandao. Haikusaidia. Nikabadilisha vichwa vya waya. Kimya. Nikafuata waya safu kwa safu nikiwa nimeinama kama anayetafuta hereni, huku Meneja ananiuliza kila mara nimefika wapi, kama vile yeye ni mama mkwe na mimi naleta maji ya kuoga. Mwishowe akasema yeye anakwenda mjini kuwaomba radhi wateja ana kwa ana, na kipaza sauti kikanyamaza.

Ndipo nikainua macho kule juu, kwenye kona ya ukuta, nikaona uzuri. Nyaya zangu, ambazo siku zote huwa zimelegea zinaning'inia, zilikuwa zimebanwa pamoja kwa vibana vya plastiki, zimenyooka, zimekunjwa konani kama kiwiko cha askari anayepiga saluti. Lakini nyaya zile ndani ni kioo, na kinachopita ni mwanga. Mwanga ukiukunja namna ile hauendi. Unafia konani.

"Nani kafanya hivi?"

Fundi Baridi akatokea nyuma ya mtambo wake, tumbo mbele, tabasamu mbele ya tumbo. "Umependa, dada? Nimekusafishia! Nilijua leo una haraka, nikasema nikupunguzie kazi."

"Umenipunguzia kazi?"

"Zilikuwa zinaning'inia vibaya."

"Zinaning'inia kwa sababu zinatakiwa kuning'inia! Mji mzima umekatika kwa ajili ya usafi wako! Nani alikutuma kupanga vitu vya mwenzio?"

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe yakigonga ukuta wa pango na kurudi, tena kwa sauti ya mama. Fundi Baridi akawa mdogo. Ule mwili wote ukawa mdogo. "Nilitaka uwahi, dada," akasema. Nikapanda ngazi nikakata vibana kimoja kimoja, bila kusema kitu, na kwangu mimi kutosema kitu ni dharura.

Mji ukarudi. Saa ilikuwa imeshapita tisa.

"Mama Uyoga!" nikapiga kelele kwenye wavu huku nachukua mkoba. "Naondoka! Niombee!"

"Kimbia, mwanangu! Kesho uje na habari yote, usiache hata kipande!"

Fundi Baridi akanikabidhi mkoba wenye redio. Macho yake yalikuwa yanacheza kama ya mtoto aliyeficha kitu mgongoni. "Ukifika nyumbani utafurahi," akasema. Nilikuwa nakimbia, sikuuliza.

Nikaingia kizimbani. Mlango wa nyuma ukafungika. Sakafu ikafikiri. Taa ikawa nyekundu.

Komeo akabonyeza kitufe chake, sauti ikaingia kwenye kile chumba cha vioo. "Umezidi."

"Nimezidi nini?"

"Uzito."

"Haiwezekani! Pima tena!"

"Karibu kilo."

Nikaufungua mkoba. Redio ya baba, ile ile, na kwenye upenyo wa kifuniko chake cha nyuma kitu kinang'aa. Nikakibandua kifuniko. Betri sita, zile nene za kizamani, mpya kabisa, zimelala mle kama vifaranga. Zawadi ya Fundi Baridi. Utafurahi.

Sijui nilisema nini. Najua nilitaja ukoo wake mpaka kwa babu. Nikazitoa betri nikaziweka sakafuni, nikapiga kelele, "Haya, nimezitoa!"

"Bado zimo," akasema Komeo. Na kweli zilikuwa zimo. Kizimba hakijali betri ziko ndani ya redio au chini ya soli; kinapima kilichomo.

"Nifungulie, mzee wangu."

"Meneja."

"Meneja yuko mjini anaomba radhi!"

"Basi."

Komeo akanitazama kupitia kioo. Halafu akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema. "Mchanga ulipima vizuri. Betri hukuhesabu."

Kumbe miaka yote ile anajua. Nikakaa chini, juu ya mizani, na nikafanya ninachojua kufanya: nikaongea. Nikamwambia yote. Chumba kilichopigwa deki. Kuzikwa mara mbili. Kinyozi, nywele, rafu. Lori linaondoka saa kumi na moja, na mama amesimama nyuma ya mlango uliofungwa anasubiri sauti yangu. "Mpigie tu, baba. Mwambie nakuja. Mwambie amfungulie. Maneno mawili."

"Simu hii ni ya kazi."

"Mimi nikifia humu si kazi? Nani atakusalimia kesho?"

Akafikiri. Akaangalia saa ya ukutani. Akavuta simu karibu. "Namba."

Nikamtajia. Akapiga. Lakini kubonyeza kitufe cha kipaza sauti kunataka mkono, na mikono yake ilikuwa kwenye simu, mmoja umeshika, mwingine unapiga namba. Sauti ikakatika. Nikabaki nyuma ya kioo kinene, naona mdomo wake tu.

Mdomo ule ukafunguka. Nilidhani atasema mawili kama nilivyomwomba. Akasema matano. Akanyamaza, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema mengi. Akavua kofia. Akaegemea ukuta. Komeo, ambaye mimi mwenyewe nilimsimulia harusi mbili hakutingisha hata sikio, alikuwa anaongea na mama yangu kama mto uliovunja kingo. Mkono wake ukaeleza kitu: kikubwa kiasi hiki, halafu kidogo kiasi hiki. Akacheka! Nikagonga kioo. "Anasemaje? Kaka amefika? Washa sauti!" Hakugeuka. Baadaye hakuwa anacheka tena. Akafuta macho kwa ile kofia, akasikiliza muda mrefu sana, na mimi nimebandika sikio kwenye kioo kama mjusi, nasikia moyo wangu tu.

Wewe fikiria. Maneno yote ya mji huu yanapita mikononi mwangu. Mazungumzo makubwa kuliko yote ya ukoo wetu yanafanyika hatua chache kutoka puani pangu, nami nimeyapanga, nimeyalilia, na sisikii hata herufi.

Akakata simu, akavaa kofia, akabonyeza kitufe.

"Nimemwambia," akasema.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unakuja."

"Hiyo ndiyo yote? Mmeongea mpaka nimeota mizizi!"

"Naye aliongea."

Akaachia kitufe.

Meneja alifika shati limetoka nje, jasho linamtiririka, na hotuba mdomoni. Nitakuepusha na hotuba. Alisema nidhamu, akasema imani, akasema ataniita ofisini kesho. Akafungua kwa kadi yake, akachukua zile betri sita kwa vidole viwili kama anashika panya, akanifungia tena nipimwe. Mizani ikasoma sawa. Taa ya kijani. Redio yenyewe hakuiuliza. Kwa hesabu za mlango ule, redio haikuwepo.

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Nilimsimulia dereva njia nzima, masikini, alikosa hata pa kuingiza pole.

Lori lilikuwa nje ya nyumba yetu, injini inanguruma, utingo ameshakaa juu anapiga honi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Wazi kabisa, umeegemezwa jiwe usijifunge.

Ndani, mama yuko kwenye kiti chake, kaka amekaa sakafuni karibu na miguu yake, na vikombe viwili vimeshakauka. Wote wawili macho yalikuwa mekundu. Wakanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Umechelewa," akasema mama.

"Nimechelewa? Mama, mimi nimefungiwa—"

"Najua. Tumeambiwa."

Nikaitoa redio. Nikaiweka juu ya meza. Kaka aliitazama, kisha akatazama chini. Mama akanyoosha kidole, akapitisha kwenye ukingo ule uliochubuka, pale baba alipozoea kushika. Akazungusha kitufe. Kimya.

"Haina betri," nikasema. "Zilikuwepo. Zilikuwepo sita!"

Kaka akainuka, akatoka. Nikasikia anapanda lori, utingo anauliza kitu, anaambiwa anyamaze. Akarudi na tochi mbili kubwa za safari, akazifungua, akamimina betri mkononi. Mama akashika kifuniko. Kaka akaziingiza moja moja, polepole, na kabla ya kila moja anamtazama mama usoni, kama anayeuliza, na mama anaitikia kwa kichwa. Redio ikakohoa, ikaleta mtu anayesoma hali ya hewa. Kesho mawingu. Hakuna aliyeizima.

"Lori," nikamkumbusha kaka, maana honi ilikuwa inapasua mtaa.

Akainama, mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwachia. Mlangoni kaka akanikumbatia. "Msalimie Komeo," akaninong'oneza. "Mwambie nimemsikia."

"Umemsikia nini? Alisema nini? Kaka!"

Ameshapanda.

Nikarudi kwa mama mbio. "Haya. Kutoka mwanzo. Alipobisha hodi ukasemaje? Na yule mlinzi kakwambia nini?"

Mama aliongeza sauti ya redio. "Yule baba ana adabu," akasema. "Hakunikata maneno hata mara moja."

Ndiyo yote niliyopata. Nimekaa naye jioni nzima, nimemchokonoa kwa maswali, nimenuna, nimejifanya sijali. Hakuna.

Asubuhi yake nilimfikia Komeo kabla sijafika kwenye kizimba. "Mzee wangu, shikamoo. Jana ulimwambia nini mama yangu?"

"Marahaba. Panda."

"Nakuomba. Kidogo tu. Mama Uyoga ananisubiri, nitamwambia nini?"

"Simu ile ilikuwa ya kazi," akasema. "Panda."

Nikapanda. Sakafu ikanipima. Na mlango ukiwa unajifunga nyuma yangu, simu ya mezani ikalia. Komeo akaivuta karibu, akavua kofia.

"Naam, mama," nikamsikia anasema, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuijua. "Nimelala salama. Wewe je?"

Kioo kikafungika.